Yule mdogo alikufa kabla hakujapambazuka. Nilikosea wapi?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia saa tisa usiku. Usingizi haupo, na hata ungekuja nisingeukaribisha, maana kila nikifumba macho kuna anayelia ndani ya boksi.

Siku tano zilizopita paka mmoja asiye na mwenyewe, aliyezoea kushinda uani kwetu, aligongwa na gari. Nilimkuta asubuhi ameshakauka. Nilipomgeuza ili nimzike niliona matiti yamejaa, ndipo nikajua kuna watoto mahali. Niliwatafuta mpaka jioni nikawakuta nyuma ya mapipa: wanne, macho yamefumba, vitovu vimekauka kama uzi na bado vinaning'inia. Walikuwa wa baridi, hata kulia hawalii. Nikasema hii ni njaa. Nikakimbia jikoni, nikapasha maziwa ya ng'ombe, nikayazimua kwa maji, nikawanywesha kwa bomba la sindano mmoja mmoja, nimewalaza chali kiganjani kama mtoto mchanga. Walimeza, nami nikafurahi. Yule mdogo yalimtokea puani. Nikamfuta nikaendelea, kwa sababu niliona ndiye mwenye shida kuliko wenzake.

Kabla hakujapambazuka alikuwa amekufa. Nilimkuta amejitenga pembeni ya boksi, tumbo limejaa. Hakufa na njaa, Shangazi. Alikufa ameshiba. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Waliobaki ni watatu. Wa rangi ya chungwa ananyonya vizuri lakini tumbo limekuwa gumu kama ngoma, na choo chake sijakiona kwa siku mbili. Mweusi anaharisha maji ya njano. Wa mabaka tangu jana kifua kinakoroma akivuta pumzi. Wote wana viroboto, na mtu mmoja amenishauri niwanyunyizie dawa ya unga anayotumia kwa mbwa wake. Macho bado hawajafungua.

Kana kwamba hayo hayatoshi, jana mtoto wa jirani kaniletea mtoto wa mbwa aliyemwokota ndani ya mfuko, naye macho yamefumba. Eti kwa kuwa mimi nalea. Sijui kama naweza kumchanganya na hawa, wala kama maziwa yao ni mamoja.

Naishi na kaka yangu. Yeye anasema sikio la kufa halisikii dawa, niwarudishe nilikowatoa. Kazini naingia saa mbili asubuhi, natoka saa kumi. Wiki hii nimeomba ruhusa, wiki ijayo sitakuwa nayo.

Swali langu la kwanza ndilo gumu: ni mimi niliyemuua? La pili: hawa wengine nifanyeje wasimfuate?

Mlezi wa ghafla


Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilipofika sikungoja siku ya safu. Nilikutumia mistari mitatu saa ileile: wapashe joto kwanza, acha maziwa ya ng'ombe, na yule wa mabaka afike kwa daktari wa mifugo kukipambazuka. Haya ya leo ni marefu ya mistari ile. Nayaandika hadharani kwa sababu uliyoyakosea wewe niliyakosea mimi pia, na kesho kuna mwingine mwenye huruma atayarudia.

Nianze na hilo gumu. Siwezi kukudanganya nikwambie maziwa yako hayakuchangia. Mtoto aliyepoa akinyweshwa, tena yakamtokea puani, mara nyingi haamki. Lakini neno "niliyemuua" silikubali. Mdogo kuliko wote ndiye hupoteza joto upesi, naye alikuwa ameshinda kutwa nzima bila mama. Inawezekana kabisa alikuwa njiani tayari ulipomfikia. Mimi watoto wangu wa kwanza walikuwa wa mbwa, watano, na niliwamaliza wote ndani ya siku mbili kwa namna hiihii, tena nikijiona hodari maana chupa zilikuwa zikirudi tupu. Hakuna aliyewahi kuniambia habari ya joto.

Basi tuanzie hapo, na nikikaa sana hapo unisamehe. Mtoto wa paka au wa mbwa aliyezaliwa juzi hawezi kujipasha. Hata kutetemeka hawezi, uwezo huo unamjia wiki ya kwanza ikishapita. Joto lake la kawaida katika wiki hiyo ni nyuzi 35 hadi 37 hivi, chini ya lile la mkubwa ambalo ni 38 hadi 39, na hulipata kwa mama yake na kwa kulaliana na ndugu zake. Mwili ukishuka chini ya nyuzi 34 na nusu, utumbo unaacha kusukuma. Maziwa utakayoyatia yanakaa palepale, yanaganda, yanachachuka, yanajaza gesi, na mwisho yanapanda juu na kuingia mapafuni. Ndiyo maana ulimkuta ameshiba. Mtoto aliyepoa anaweza kuyangojea maziwa saa moja au mbili akiwa anapashwa. Akinyweshwa kabla ya hapo, maziwa hayana pa kwenda.

Kwa hiyo kabla ya kila mlo, kila mlo kabisa, tia ncha ya kidole safi mdomoni mwake. Mdomo ukiwa wa baridi, weka chupa chini. Kidole hichohicho kinakuonyesha jambo la pili: aliye tayari kula hukinyonya kwa nguvu. Asiyenyonya kidole hatanyonya chupa, na kumlazimisha ni kumpalia. Ukiwa na kipimajoto cha tarakimu, ncha yake ipakwe mafuta kidogo, kinapimwa kwa njia ya haja kubwa na hakibahatishi kama kidole.

Aliyepoa mweke kifuani pako, ngozi kwa ngozi, ndani ya nguo, umgeuzegeuze polepole. Mpe saa moja, hata mbili. Maji ya moto na kikausha nywele viache, kwani kupashwa kwa pupa nako kunaua. Ndani ya boksi weka chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, upande mmoja tu, ili anayeona joto limezidi atambae aondoke. Ikague mara kwa mara, maana chupa iliyopoa inageuka kuwa adui, inawanyonya joto badala ya kuwapa. Wiki ya kwanza hewa iliyowazunguka iwe nyuzi 29 hadi 32, ya pili 27 hadi 29, kisha ishuke taratibu mpaka kama 24 kufikia wiki ya nne. Huna cha kupimia? Watazame wao. Wakirundikana na kulia wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake huku wakihema, umewachoma. Wakilala ubavu kwa ubavu kimya, na mwili kushtukashtuka kidogo usingizini, hapo umepatia. Huko kushtuka ni kwa kawaida, usimwamshe.

Kuna neno unalolizunguka barua nzima bila kulitaja: kupaliwa. Mtoto wa binadamu hunyonya kapakatwa, uso juu. Wa paka na wa mbwa hunyonya amelala kifudifudi, amekanyaga, shingo imenyooka na kichwa kimeinuka kidogo. Ukimlaza chali unaelekeza maziwa kwenye koo la pumzi. Bomba la sindano huongeza hatari, kwa kuwa mkono wako ndio unaoamua kasi na si ulimi wake. Chupa ndogo yenye chuchu laini ni bora. Tundu la chuchu lijaribu kwa kuipindua chupa: maziwa yadondoke tone baada ya tone, yasichuruzike. Kama bomba ndilo pekee ulilonalo, valisha chuchu kwenye ncha ya bomba hilo, usukume tone moja, ungoje ameze, ndipo jingine. Yakitokea puani simama palepale, mwinamishe kichwa chini kidogo, mfute, na mlo huo umekwisha hata kama alibakiza. Usiendelee. Baada ya kula mweke begani umpapase mgongo acheue.

Huyo wa mabaka anayekoroma kifua, tena siku chache baada ya kulishwa chali, nahofia maziwa yameingia mapafuni na kichomi kimeanza. Hilo halitibiwi na shangazi wa safuni. Ni daktari, na ni leo. Dawa za binadamu usithubutu hata chembe: paracetamol, ambayo kila nyumba inayo, ni sumu kwa paka.

Sasa maziwa. Wengi hudhani maziwa ni maziwa, kwa kuwa yote ni meupe. Maziwa ya paka na ya mbwa yana protini kama maradufu ya yale ya ng'ombe, na ya mbwa yana mafuta mengi zaidi pia. Ya ng'ombe yamejaa sukari ya maziwa, laktosi, kuliko utumbo wa vichanga hawa unavyoweza. Ndiyo kuhara kwa mweusi huko. Nawe ukayazimua kwa maji, yaani ukakata nusu ya kitu ambacho kilikuwa tayari hakitoshi. Ya mbuzi yanasifiwa sana ila kwa hesabu hizi hayako mbali na ya ng'ombe. Yale ya unga ya watoto wa binadamu ni mepesi mno kwao.

Tafuta maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa paka; daktari wa mifugo atakuelekeza. Yakoroge kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo, si kwa jicho, kwa maji yaliyochemshwa yakapoa kiasi. Yaache yatulie povu liishe, hewa tumboni ni maumivu. Yawe ya joto la mwili, kama nyuzi 38, yakidondoka kwenye kifundo cha mkono wako usihisi moto wala baridi. Yaliyokorogwa yanakaa kwenye friji saa 24, hayazidi, na aliyobakiza mmoja hapewi mwingine, yanamwagwa. Chupa na chuchu zichemshwe. Kama kopo halipatikani mpaka kesho, maziwa kamili yasiyozimuliwa, yaliyokorogewa kiini cha yai bila ute wake na mafuta ya kupikia kidogo, yatawavusha siku moja, zikizidi mbili. Ni daraja la kuvukia tu, usihamie hapo.

Kiasi gani? Tumbo la kichanga ni dogo kuliko huruma yako. Mlo mmoja usizidi mililita 4 hadi 5 kwa kila gramu 100 za uzito wake. Wiki ya kwanza kila baada ya saa 2 au 3, usiku na mchana. Ya pili kila saa 3 au 4. Ya tatu unaweza kufika saa 4 au 5. Wako, kwa kuwa vitovu vilikuwa bado havijadondoka siku uliyowaokota, na kwa kawaida hudondoka kati ya siku ya 3 na ya 5, sasa wana wiki moja au imezidi kidogo. Macho ya paka hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, kwa hiyo yatafunguka yenyewe siku yoyote. Usiyafungue kwa vidole. Ukiona kope limevimba na usaha unataka kutoka, hapo ni suala la daktari.

Niende kwa wa chungwa na ngoma yake. Hili halikukosewa na wewe peke yako, maana anayejua ni yule tu aliyewahi kumtazama paka akilea kwa saa nyingi. Kichanga hawezi kukojoa wala kunya kwa hiari yake. Mama humlamba chini ya mkia, na ulimi ule ndio unaofungua njia. Bila ulimi, kibofu kinajaa na utumbo unafunga. Chukua pamba au kitambaa laini, kichovye maji ya uvuguvugu, ukikamue, umpapase hapo kwa wepesi kama anavyolamba mama, mpaka mkojo utoke na ukome wenyewe. Fanya hivyo kila mlo, na kwa huyu anza kabla ya kumlisha, umpe nafasi tumboni. Mkojo kila safari. Choo hata mara moja kwa siku si vibaya, na kiwe laini cha njano kama haradali. Mkojo wa rangi ya chai ni ishara kwamba maji yamepungua mwilini. Kazi hii inaendelea mpaka wafike wiki 3 hivi, ndipo wanaanza wenyewe. Kama baada ya kumpapasa mara mbili tatu tumbo bado ni gumu, au analia ukimgusa, apande gari moja na wa mabaka. Dawa ya kulainisha choo ya watu wazima usimpe.

Mweusi naye mtazame fizi. Ziwe na unyevu na rangi ya waridi. Zikinata kidoleni au zikiwa nyeupe, usingoje asubuhi.

Nilitaka kukuandikia mengi kuhusu mizani lakini yanaingia katika maneno machache: nunua au azima mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, pima kila siku saa ileile, andika. Mtoto wa paka huzaliwa na gramu 100 hivi, na anatakiwa aongeze 10 hadi 15 kila siku. Macho yako yatakudanganya, manyoya yanavimba na kilio kinachanganya, gramu hazina haya. Siku isipoongezeka hata moja ni onyo. Ikipungua ni dharura, hata kama anacheza.

Mtoto wa mbwa sikumsahau. Mpe boksi lake kwa sasa. Ametoka mfukoni, hatujui ana nini, na hao wako watatu wamekwisha kuchoka. Nawa mikono ukitoka kwake kwenda kwao, na baadaye, wote wakiwa na afya, kukua pamoja kutawafaa. Maziwa ya watoto wa paka yanaweza kumsitiri siku chache mpaka upate ya kwake. Kinyume chake usifanye: paka wanahitaji kirutubisho kiitwacho taurini katika chakula chao, na maziwa yaliyotengenezwa kwa mbwa hayakuwekwa kwa kipimo cha paka. Mbwa hutofautiana mno kwa ukubwa, kwa hiyo usimlinganishe na mtu. Mlinganishe na yeye wa jana: aongeze asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake kwa siku. Macho yake ni siku ya 10 hadi ya 14. Huyu ana jambo moja linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni dang'a. Maziwa yale mazito ya siku ya kwanza ndiyo yanayobeba kinga ya mama, na baada ya takriban siku moja utumbo wa kichanga hauwezi tena kuipokea. Watoto wako wa paka huenda waliyapata, kwa kuwa mama yao aliishi hata akajaza matiti. Wa mfukoni hatujui. Mweleze daktari hivyo, inabadilisha namna atakavyompangia chanjo. Kwa kawaida za kwanza huanza wiki ya 6 hadi ya 8, na ya kichaa cha mbwa hufuata kwa ratiba yake.

Minyoo pia. Watoto wa mbwa huipata wakiwa bado tumboni mwa mama, wa paka huinyonya na maziwa. Mbwa aanze dawa akifika wiki 2, paka wiki 3, kwa kipimo cha uzito atakachokupa daktari. Mtoto wa jirani anayekuja kuwashika anawe mikono kwa sabuni, minyoo hii humpata binadamu vilevile.

Unga wa viroboto wa mbwa usiuguse. Dawa nyingi za aina hiyo zina kiua wadudu kiitwacho permethrin, ambacho kwa paka ni sumu kali, na kwa kichanga wa wiki moja hakuna dawa ya viroboto ya kuchezea. Lakini usiwapuuze viroboto. Wakiwa wengi wanaweza kumkausha damu mtoto mdogo namna hii. Chanuo lenye meno ya karibukaribu, mtoto mmoja kwa wakati, na ukilazimika kumwosha basi kuanzia shingoni kwenda chini, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, umkaushe na kumpasha hapohapo. Wa mabaka asioshwe mpaka apone. Badilisha matandiko kila siku, huko ndiko mayai yaliko.

Kuhusu kazi yako, saa nane bila mlo ni nyingi mno kwa wiki hizi mbili. Kabla ya kutafuta mtu wa kukushikia zamu, muulize daktari kama anamjua paka anayenyonyesha mwenye watoto wachache wa umri wa karibu. Paka wengi huwapokea watoto wa wenzao. Wapanguse wako kwa tandiko la wale wengine wapate harufu ya mama huyo, waingize mmoja mmoja, ukae utazame. Akianza kuwalamba, umelala usingizi wako wa kwanza. Hakuna chupa inayomshinda mama, na nakwambia hivi mimi niliyelea kwa chupa miaka mingi. Akikosekana, beba boksi uende nalo kazini kama wanakuruhusu, au mtu mzima mmoja ajifunze kwako kwa macho yake siku mbili kabla ya kuachiwa.

Na huyo kaka. Mwambie methali yake ni nzuri, ila sikio hilo lilipewa kwanza dawa ndipo likakataa kusikia. Hawa bado hawajapewa. Usibishane naye zaidi ya hapo, mpe zamu ya saa nane usiku. Mtu akishamshika kiumbe wa gramu mia na hamsini akinyonya kwa nguvu zake zote, huwa anasahau methali.

Niwaase kidogo na wengine mnaosoma. Huyu mlezi alimwona mama amekufa, kwa hiyo alifanya sawa kuwachukua. Ukiwakuta watoto peke yao, wasafi, matumbo yamejaa, wamelala kimya, wana mama. Ametoka kutafuta, au anawahamisha mmoja mmoja. Kaa mbali utazame kwa saa kadhaa. Lile la kwamba mama huwasusa wakiguswa na mkono wa mtu si kweli. Ila wakiwa wa baridi, wachafu na wanalia bila kukoma, usingoje.

Narudi kwako, mwanangu, na yanayokuja mbele. Wasio na mama hunyonyana, hasa sehemu za siri, mpaka panavimba na kuziba mkojo. Ukiona, watenganishe kwa ukuta wa kadibodi kati yao, wasikie joto na harufu bila kufikiana. Wiki ya nne wataanza kutafuna chuchu ya chupa. Ni dalili kwamba chakula laini kilichochanganywa na maziwa yao kinaweza kuanza kuwekwa kwenye sahani bapa. Watakanyaga sahani, watalala ndani yake, ni sawa. Kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndipo paka hujifunza binadamu ni nani, kwa mbwa dirisha hilo ni refu zaidi. Washike kila siku, lakini vidole vyako visiwe kitu cha kuchezea. Aliyelelewa bila ndugu wa kumng'ata akamrudishia hajui mipaka ya meno yake, na akiwa mkubwa utaijua wewe.

Mmoja anaweza bado kuondoka. Utamjua: analia kilio chembamba kisichokoma, au ananyamaza kabisa, anajitenga na joto, akishikwa analegea kama kitambaa. Mpashe, na mdomo ukisharudisha joto mpake matone ya maji ya sukari kwenye fizi, huku ukienda kwa daktari. Wakati mwingine hurudi. Wakati mwingine umefanya yote na hakurudi, na mizani ilikuwa imekwambia tangu juzi.

Nitumie gramu za wote wanne kesho asubuhi. Wapime kabla ya kuwalisha, si baada.

Shangazi